Senene Hawakuwa na Kosa

Sisimizi ndio walioanza kujua. Kabla yangu mimi, kabla ya mama mkwe, kabla ya yule mhudumu wa zahanati aliyempima mwanangu malaria mara mbili, sisimizi walikuwa wameshapanga foleni hadi kwenye beseni la nepi chafu. Nilidhani wamefuata maganda ya ndizi mbivu. Nikawamwagia maji ya moto, nikaendelea na shughuli zangu.

Naandika haya kwa sababu ya mama mmoja niliyekaa naye benchi moja juzi, kliniki ya watoto hapa Bukoba. Alikuwa amempakata mtoto mchanga, ameambiwa asubuhi ile ile kwamba mtoto ana sukari, na alikuwa akitabasamu ovyo ovyo, tabasamu la mtu ambaye habari haijamwingia. Akaniuliza, "Dada, huyu wangu atapona?" Kabla sijamjibu tukaitwa, nikaingia kwa daktari na binti yangu, na nilipotoka yule mama hakuwepo. Basi mama, popote ulipo, jibu lako ni refu kidogo.

Naitwa Adelina. Nashona nguo hapa mjini, mume wangu Deus ni fundi umeme. Siku za kujifungua mtoto wetu wa kwanza zilipokaribia, mama yake Deus, ambaye ni mjane na anaishi kwenye kibanja chao, shamba la migomba la ukoo, kule Kamachumu, alisema mjukuu wake hawezi kuanzia maisha kwenye chumba cha kupanga. Nikaenda. Watu wanamwita Ma Leokadia. Ni mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Hata akikaa kuzungumza na wageni lazima awe anamenya kitu. Nilijifungua mwezi wa saba, kahawa zikiwa zimeanikwa uwanja mzima, mtoto wa kike, mdogo sana wa umbo lakini mwenye sauti kubwa. Tukamwita Kokushubila, na kwa mkato Shubi.

Kwetu mzazi anawekwa ndani na kulishwa. Nililishwa ndizi mpaka nikaona karibu nitaota majani. Maziwa yalijaa, na Shubi alinyonya vizuri, mwezi wa kwanza ukapita salama. Wa pili ndio mambo yalipobadilika. Akawa ananyonya kama anakimbizwa, ananiachia kidogo tu, analia, anarudi. Nepi nilikuwa sijamaliza kuifunga imeshalowa. Ungetegemea mtoto anayenyonya namna hiyo anenepe, lakini yeye alikuwa akipungua. Ngozi ya mapaja ikaanza kujikunja kama soksi iliyolegea. Wageni waliokuja kunipa pongezi walimfunua, wakamtazama, wakamfunika, wakaanza kuzungumzia bei ya kahawa.

Jirani mmoja alisema maziwa yangu ni mepesi. Zahanati walisema malaria hakuna, nimonia haipo, wakatupa dawa ya maji, tukarudi. Mimi sina subira ya kusemwa, nikamwambia yule jirani kama maziwa yangu ni mepesi basi alete yake. Lakini nilipobaki peke yangu nilijikamua kwenye kikombe nikayatazama, nione kama kweli ni mepesi.

Asubuhi moja, mvua za vuli zikiwa ndio zinaanza, Shubi hakulia. Alikuwa anahema kwa kasi, mbavu zinaingia ndani, macho yamezama, mdomo mkavu. Nilimweka titi mdomoni akalitema. Nikapiga kelele ya kuita. Mama mkwe alikuja na udongo mikononi, akamshika mtoto kifuani, akaniambia nivae viatu. Deus alikuwa kwenye kazi Muleba mjini. Nilimpigia simu, akamwomba rafiki yake mwenye pikapu, wakatupitia barabarani, tukaenda Bukoba.

Hospitalini muuguzi alimchoma Shubi kisigino, akaweka tone la damu kwenye kimashine kidogo. Akakitazama. Akachukua kingine, akamchoma tena. Halafu akaondoka anakimbia. Ndugu zangu, wauguzi wa kwetu hawakimbii bure. Nilipomwona yule dada anakimbia, nilikaa chini pale pale sakafuni.

Tuliambiwa sukari ya mtoto imepanda kupita pale kimashine kinapoweza kusoma. Mimi nilijua ugonjwa wa sukari ni wa wazee wanene. Nikamuuliza daktari, kwa hasira kabisa, mtoto asiye hata na jino amekula sukari ya nani. Daktari alikuwa mama mtu mzima, mpole, anaitwa Editha. Alikuwa anatafuta mshipa kwenye kichwa cha mwanangu, kwenye mikono ilikuwa imeshindikana.

Shubi alipokuwa ameshawekewa maji na insulini, ndipo tukaanza kuulizwa maswali pale kwenye korido. Amezaliwa na uzito gani, kwenye ukoo kuna nani mwenye sukari, ameshapewa kitu gani zaidi ya maziwa ya mama. Nilijibu la mwisho haraka: hajapewa kitu. Nikaona mama mkwe anatazama sakafu.

"Nilimpa maji ya ndizi," akasema. "Niliona mtoto ana kiu."

Yale maji ya ndizi mbivu, kabla hayajachacha yakawa lubisi, pombe yetu ya ndizi, ni matamu kuliko soda yoyote. Alikuwa anamnywesha kwa kijiko kila nilipokwenda kuoga. Alilea watoto sita namna hiyo, na kweli Shubi alikuwa na kiu, aliona sawa. Lakini siku ile mimi sikuona cha kiu wala nini. Nilimsema mama wa watu mbele ya korido nzima. Nilimwambia amemuua mwanangu. Deus alinishika mkono nikamsukuma. Ma Leokadia alisimama tu na khanga yake yenye udongo. Baadaye, sauti imenikauka, akasema taratibu kama anayekumbuka jambo la zamani:

"Na wewe ulikula senene."

Kwa asiye wa huku nieleze. Senene, jamii ya panzi, huja na mvua za mwezi wa kumi na moja, wanashuka kama wameitwa, na mkoa mzima unakula. Siku hizi kila mtu anakula. Lakini enzi za kina Ma Leokadia mwanamke aliwakamata, akawanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, akampa mume. Kula yeye, hapana, na mwenye mimba ndiyo kabisa. Mtoto angezaliwa na kasoro. Mama mkwe wangu hajawahi kutia senene mdomoni maisha yake yote, na hajawahi kulalamika. Mimi nimekulia mjini, nimewala tangu natambaa. Msimu uliotangulia kuzaliwa kwa Shubi nilikuwa na mimba changa mno, hata mwenyewe sijaijua, na Ma Leokadia alikuja kututembelea akanikuta na sahani mapajani. Hakusema kitu siku ile. Kumbe aliliweka moyoni.

Basi ndivyo tulivyoishi wodini, wanawake wawili na kitanda kimoja cha mtoto katikati. Mimi namtazama yeye nawaza maji ya ndizi, yeye ananitazama mimi anawaza senene. Tulizungumza mambo ya lazima tu: nepi, maji ya moto, zamu ya kulala. Deus alikuwa anakuja na chakula, anatukuta kila mmoja kageukia upande wake, anaweka chakula, anatoka kwenda kusimama nje. Nilimlaumu wakati ule. Sasa naona alikuwa hana pa kushika.

Daktari Editha alituita wote watatu Shubi alipoanza kufumbua macho. Sitawachosha na mambo ya kitabibu, mengi sikuyashika hata mimi, lakini hili lazima niliseme kwa sababu ndilo tulilolisubiri miezi yote ile. Alisema nyuma ya tumbo kuna kiungo kinaitwa kongosho. Mtoto akiwa bado tumboni, mapema sana, wakati mama mwenyewe bado anajiuliza kama ni mimba au ni homa tu, mle ndani ya kongosho vinaanza kujengeka vichembe vidogo ambavyo kazi yake ni kutoa insulini. Kwa watoto wachache, wachache sana, kazi hiyo inaharibika. Kuna ambao vichembe havikujengeka, au vilijengeka vikafa. Hao watachomwa sindano maisha yao yote. Kuna wengine ambao vichembe vipo, vizima, vimejaa insulini, ila mlango wake umekwama na insulini haitoki. Hao kuna vidonge vinavyoweza kuufungua.

Deus akauliza huyu wetu ni yupi.

"Kwa macho siwezi kujua," daktari akasema. "Wala kwa mashine zetu hapa. Damu yake itabidi iende nje ya nchi, na yenu pia. Na mjue, kusubiri kutakuwa kwingi."

Nilimwona mama mkwe anafikiri. Akasema kwa Kihaya, nami nitaweka kwa Kiswahili, kwamba ni kama mgomba uliokatwa: chipukizi ama lipo chini ya udongo ama halipo, na ukisimama juu yake huwezi kujua. Daktari naye ni Mhaya, akacheka, akasema ndivyo hasa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshikilia neno moja tu, mlango.

Wakatuchukua damu mimi, Deus na Shubi, matone matone kwenye karatasi nene, ikaachwa ikauke, ikapelekwa huko ilikopelekwa. Tukafundishwa kuchoma sindano. Nilijifunzia kwenye chungwa, na kwenye chungwa nilikuwa hodari. Siku ya kwanza kumchoma Shubi ilibidi muuguzi anishike kiwiko. Mtoto alilia, nikalia, halafu akanyonya akalala kana kwamba hakuna lililotokea. Alikuwa ameanza kurudisha mashavu. Mashavu yale ndiyo yaliyonipa nguvu.

Tulirudi Kamachumu, si mjini, kwa sababu sindano zilikuwa nyingi kwa siku na mtu mmoja haziwezi. Hapo nilijikaza kisabuni. Insulini inataka ubaridi na pale nyumbani hapakuwa na friji, kwa hiyo Ma Leokadia akaleta chungu chake kikubwa, akakijaza mchanga, akaulowesha, akaweka chupa ndani ya chungu kidogo juu yake, akafunika. Alikiweka pembeni ya chumba chake na hakuna aliyeruhusiwa kukisogeza. Kila siku aliulowesha ule mchanga kabla hajanawa hata uso. Nilikuwa naona anavyofanya, na nilikuwa bado nimemkasirikia, na vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kugombana.

Mwezi wa kumi na moja senene wakaja. Kule barabarani watu waliwasha mataa makubwa, wakaweka mabati na mapipa, vijiji vizima vikanukia mafuta. Nyumbani kwetu hawakuingia. Deus alileta mfuko mmoja kutoka Muleba, mama yake akautoa nje akampa jirani. Kliniki ya mwezi ule sukari ya Shubi ilikuwa inapanda na kushuka kama mtu anayecheza bembea, na majibu ya damu yalikuwa hayajaja.

Kushuka ndiko kunakotisha zaidi, mama, nisikilize hapo. Watu wakisikia sukari wanaogopa kupanda tu. Siku moja mwanzoni mwa mwaka niliteremka kuchota maji, nikamwacha Shubi na bibi yake. Nilimchoma kabla sijatoka, na alikuwa amenyonya kidogo tu, nami sikutilia maanani. Niliporudi nilimkuta Ma Leokadia amesimama katikati ya uwanja na mtoto mikononi. Shubi alikuwa amelowa jasho, mweupe midomoni, shingo imelegea. Na pale kwenye kigoda palikuwa na kikombe cha maji na bakuli la sukari, vyote vimeshatolewa, vimewekwa tayari.

"Nimeshindwa kumpa," alisema. "Mlinikataza vitamu."

Alijua. Mikono yake ilijua mtoto anataka nini, akaenda akaleta, halafu akasimama pale mbele ya bakuli akiogopa kuua mara ya pili. Nilichovya kidole kwenye sukari nikampaka Shubi ndani ya shavu, na tena, na tena, mpaka akaanza kusogeza ulimi, kisha akalia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile. Tukakaa chini uwanjani wote watatu. Mama mkwe alikuwa analia bila sauti, machozi yanashuka tu, na mimi nikamwambia lile ambalo nilipaswa kumwambia kule hospitalini, kwamba daktari alishasema maji ya ndizi hayakumletea Shubi ugonjwa. Yalimzidishia, lakini ugonjwa ulikuwepo. Kisha nikamwonyesha dalili moja moja: akiwa na kiu na mkojo mwingi, kitamu hapana; akilowa jasho na kulegea, sukari, na upesi, usinisubiri. Alirudia maneno yale mpaka akayaweza. Kuanzia siku ile alitembea na sukari kidogo amefunga kwenye ncha ya khanga.

Lakini la senene hakulisema, na mimi sikulisema. Kuna usiku nilikuwa naliwaza hata mimi. Msomi wa mjini kama nilivyojiona, nilikuwa nahesabu nilikula sahani ngapi.

Majibu yalikuja masika, mvua ikinyesha kwelikweli. Daktari Editha alimpigia Deus, akasema njooni, hakutaka kusema kwa simu, na wewe unajua mtu akikataa kusema kwa simu mwenzie anaelewa nini. Ma Leokadia alivaa gomesi yake ya kanisani. Alibeba kahawa za kutafuna kwenye kijifuko cha majani, kwa sababu huendi mbele ya mtu kusikia jambo zito mikono mitupu. Tulikaa kwenye lile benchi la kliniki, lile lile, mvua inapiga bati mpaka hatusikilizani. Shubi alikuwa na miezi tisa, hajakaa bado bila kuegemezwa. Nilikuwa nimeshaanza kujiandaa: nilijiambia kama ni sindano ni sindano, wapo watu wanaishi.

Daktari alipokea zile kahawa kwa mikono miwili, akatafuna moja, akasema:

"Vipo. Vichembe vyake vipo, vizima. Ni mlango."

Deus aliinama akafunika uso. Mimi nilimwomba daktari arudie, akarudia. Nikamwomba arudie tena. Alieleza kwamba kuna kosa dogo kwenye maumbile ya Shubi, liliingia pale pale mwanzo wa mwanzo, mbegu ya baba na ya mama zilipokutana, na kwamba wametazama damu yangu na ya Deus na hawakuliona kwetu. Halikutoka ukoo wa Deus. Halikutoka ukoo wangu. Lilitokea tu.

Mama mkwe alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti. Akamuuliza daktari, kwa heshima kabisa, "Waitu, kwa hiyo si chakula alichokula mama?"

"Si chakula, mama. Hata angeshinda njaa mimba yote, ingekuwa hivi hivi."

"Hata senene?"

Daktari alinitazama mimi, akamtazama yeye, nadhani alielewa yote kwa mara moja. Akasema hata senene. Ma Leokadia akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayelipokea jambo lakini bado hajajua aliweke wapi.

Tulilazwa tena, maana vidonge hivyo havianzwi nyumbani. Ni vile vile wanavyomeza wazee wenye sukari, vya kawaida kabisa, ila vinasagwa, vinachanganywa na maji, mtoto ananyweshwa kwa bomba lisilo na sindano. Kila siku dawa iliongezwa kidogo, insulini ikapunguzwa kidogo, na kisigino cha mwanangu kikachomwa mpaka kikawa kigumu kama cha mkulima. Siku mbili tatu hakuna kilichotokea. Nikaanza kuona tumedanganyana. Kisha sukari ikaanza kushuka, ikashuka na kukaa. Muuguzi alikuja asubuhi moja na sinia lake, nikamshika Shubi paja kama kawaida, akasema leo hachomwi. Nikabaki nimelishika lile paja, sijui niliachie vipi.

Ma Leokadia, aliyekuwa amerudi Kamachumu, alipoambiwa kwa simu alikata simu. Tulidhani mtandao. Baadaye jirani alitueleza kwamba alikwenda chumbani, akakitoa kile chungu, akaumwaga mchanga chini ya migomba, akakiosha na kukianika juani.

Sasa nikwambie ukweli, mama wa kwenye benchi, nisije nikakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wako anaweza asiwe wa mlango. Tumekutana na mtoto mmoja wa Rubya ambaye vichembe vyake havikujengeka. Anachomwa sindano na anakimbiza mbuzi, namjua. Ninachokuomba ni kimoja, uulizie hicho kipimo cha damu, ung'ang'anie. Na usije ukachukua vidonge vya babu jirani ukampa mtoto bila daktari. Kwa ambaye si wa mlango havisaidii kitu, na vinaweza kumshusha sukari mpaka usimwone tena. Shubi naye hakupona, tuelewane. Vidonge anameza kila siku na ataendelea kumeza. Alichelewa kutembea, alichelewa kusema, hata sasa ana miaka mitatu na zaidi na maneno yake mengine tunayaelewa sisi tu wa nyumbani. Lakini ana mashavu. Anapigana na watoto wenzake na anashinda.

Nilikuwa nifunge hapo, ila kuna jambo la mwezi wa kumi na moja uliopita.

Nina mimba tena. Daktari Editha ametuambia kwa kuwa kosa halikutoka kwetu, si rahisi lijirudie. Hakuapa, alisema si rahisi, na mtoto atapimwa mapema. Nililipokea hilo kwa akili yangu yote. Halafu senene wakaja, na nikajikuta siwagusi. Sokoni nilipita upande mwingine. Wateja waliniletea wamekaangwa, nikawapa mafundi wenzangu, nikasema tumbo linanisumbua. Mimi, niliyebishana na mama mkwe wangu mwaka mzima kimoyomoyo juu ya senene, sasa nilikuwa nawaogopa kuliko yeye.

Tulikwenda Kamachumu mwisho wa wiki. Ma Leokadia alinitazama tumbo. Mchana Shubi akiwa anachezea maganda uwanjani, bibi yake alikaa kwenye kigoda chake akawa ananyonyoa senene mabawa, mikono ile haitulii, akaenda jikoni, nikasikia kikaango. Alitoka na sahani moja akaja akaiweka mapajani kwangu.

"Kula, mwanangu. Tulishaambiwa."

Nilimjibu asante mama, nitakula baadaye. Hakuondoka. Alinisoma usoni kwa muda, kisha akakaa pale mkekani kando yangu, mwanamke wa miaka sabini na kitu, akanyoosha mkono kwenye sahani. Akachukua senene mmoja. Akamtazama. Nikamwona anafumba macho, anamtia mdomoni, anatafuna taratibu, upande huu, upande ule. Deus alikuwa mlangoni, na hata yeye hakusogea.

Akameza. Akafumbua macho.

"Kumbe," akasema, "ndicho walichokuwa wanatunyima."

Akachukua mwingine. Shubi akaja na mikono yenye vumbi akataka na yeye, bibi akampa. Nami nikanyoosha mkono kwenye sahani kabla wale wawili hawajawamaliza.